Jinsi ya kumpata mpimaji wa valvu za maji Modogashe

WAHENGA walinena kuwa maji hufuata mkondo. Ndani ya bomba, hata hivyo, mkondo waweza kugeuka bila mwenye nyumba kujua, na maji yaliyokwisha kuingia katika ploti yakarejea katika bomba kuu linalowanywesha majirani.

Hali hiyo hutokea pale msukumo wa maji unapopungua ghafla. Huenda pampu ya kisima imezimwa, huenda bomba kuu limepasuka, au huenda lori la maji linajazwa upande wa chini wa mji na kuyavuta maji yote kuelekea huko.

Maji yanaporudi huwa hayaji peke yake. Hubeba kilichokuwa kwenye ndoo, kwenye birika la mifugo, kwenye tangi lisilo na kifuniko au kwenye pipa la dawa ya kuua kupe.

Kifaa kinachozuia balaa hilo ni valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, ambayo mafundi wengi huiita valvu ya njia moja. Kasoro yake ni kwamba valvu iliyokwama ikiwa wazi haina tofauti na kipande cha bomba tupu, wala huwezi kuitambua kwa kuitazama kwa nje. Ndiyo maana hupimwa.

Kwa mkazi wa Modogashe, mji ulio takriban kilomita 160 kutoka Garissa, mahali zinapokutana kaunti za Garissa, Isiolo na Wajir, swali ni rahisi kuuliza ila gumu kujibu: Ni nani anayestahili kuipima valvu hiyo, na mwenye ploti atajuaje kwamba hakulaghaiwa?

Makala haya yanaeleza namna valvu inavyofanya kazi, vyeti vya kuulizia, jinsi upimaji unavyofanywa, na la kufanya iwapo mpimaji hapatikani.

MAJI HURUDIJE NYUMA?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mfyonzo. Msukumo katika bomba kuu ukianguka, bomba hilo huyavuta maji kutoka kwenye ploti kama mtu anayenyonya soda kwa mrija.

Chukua mfano wa ploti yenye birika la kunyweshea ng'ombe na mbuzi. Kijana amechomeka mpira kwenye mfereji, na ncha ya mpira imezama ndani ya birika. Pampu ya kisima inazimwa saa sita mchana ili jenereta ipumzike. Maji yaliyomo mabombani yanateremka kuelekea sehemu za chini za mji, nayo birika inaanza kufyonzwa kupitia mpira ule ule.

Jioni pampu inapowashwa tena, nyumba itakayofungua mfereji kwanza ndiyo itakayopokea maji ya birika. Yamkini hayatakuwa na rangi wala harufu ya kumshtua mtu.

Njia ya pili ni msukumo wa kinyume. Hapa msukumo ulio ndani ya ploti huushinda ule wa bomba kuu. Mwenye hoteli aliye na pampu yake ya kupandisha maji kwenye tangi la juu, au mwenye kisima chake aliyekiunganisha na bomba la mji, anaweza kuyasukuma maji yake hadi kwa jirani.

Katika njia zote mbili chanzo ni kimoja: mahali ambapo maji ya kunywa yamekutanishwa na kitu kisichonyweka bila kizuizi cha kuaminika katikati.

YALIYOWAHI KUTOKEA

Mwaka 1933, jiji la Chicago nchini Marekani lilipokuwa na maonyesho ya kimataifa, ugonjwa wa kuhara damu unaosababishwa na amiba ulienea miongoni mwa wageni waliolala katika hoteli mbili. Uchunguzi ulibaini kasoro katika mabomba, ambapo maji taka yaliweza kuchanganyika na maji ya kunywa. Zaidi ya watu 1,000 waliugua na 98 wakafariki.

Mwaka 1969, wachezaji wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya chuo cha Holy Cross, mjini Worcester, waliugua homa ya ini aina ya A kwa wingi kiasi cha kuivuruga ratiba ya msimu mzima. Wazima moto walikuwa wameyavuta maji mengi kuzima moto karibu na hapo, msukumo ukaanguka, na maji machafu yakafyonzwa kutoka kwenye mashimo ya mifereji ya kunyunyizia uwanja.

Humu nchini, mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka 2023 ulizikumba kaunti nyingi, Garissa ikiwa miongoni mwazo. Kipindupindu kina njia nyingi za kuenea, na hakuna sababu ya kuilaumu valvu kwa mlipuko huo. Lakini pale ugonjwa huo unapokuwepo, bomba linalofyonza maji machafu huugeuza uchafu wa ploti moja kuwa tatizo la mtaa mzima.

KWA NINI MODOGASHE?

Sehemu kubwa ya maji yanayotumika katika ukanda huu hutoka ardhini. Hifadhi ya maji ya chini ya ardhi iitwayo Merti hutanda kutoka upande wa Isiolo, ikapita Habaswein na Dadaab hadi mpakani Liboi na kuingia Somalia. Katikati ya hifadhi hiyo maji ni matamu, lakini pembeni huwa na chumvi nyingi.

Chumvi ni adui wa valvu. Huacha ukoko mweupe mahali ambapo kifuniko cha valvu hukalia, na chembe ndogo tu ya ukoko au ya mchanga inatosha kukizuia kifuniko hicho kufunga sawasawa.

Jambo la pili ni mgao wa maji. Valvu iliyowekwa katika mji ambao mabomba hujaa maji usiku na mchana huenda isijaribiwe kwa miezi kadhaa. Katika mji ambao pampu huwashwa na kuzimwa, kila pampu inapozimwa ni jaribio. Valvu mbovu ya Modogashe inaweza kuleta madhara kila siku.

Tatu ni mifugo. Katika mji wa wafugaji, bomba la maji ya watu na birika la ngamia mara nyingi hulishwa na kisima kimoja. Aidha, dawa za kuogeshea mifugo huchanganywa kwa maji ya mfereji, aghalabu kwa kutumbukiza mpira ndani ya pipa.

Nne ni mafuriko. Mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023, zilizofuata ukame mrefu uliokuwa umeanza 2020, zilifurika kaskazini mashariki na kuviacha vyoo vya shimo vikiwa vimejaa maji. Bomba lenye ufa likipita karibu na choo kilichofurika hufyonza maji hayo msukumo unapoanguka. Kwa hiyo valvu ya kwako, hata ikiwa nzima, hulinda tu mpaka wa ploti yako. Haizibi ufa wa bomba kuu.

IJUE VALVU YAKO KWANZA

Kabla ya kumtafuta mpimaji, mwenye ploti sharti ajue alicho nacho. Vifaa vya kuzuia maji kurudi ni vya aina kadhaa, na kila aina hupimwa kwa namna yake.

Valvu ya njia moja: Ni kifuniko kimoja kinachofunguliwa na maji yanayoingia na kufungwa na springi au uzito wake maji yanapotaka kurudi. Ni ya bei nafuu na ndiyo inayopatikana kwa urahisi madukani. Hufaa pale ambapo hatari ni ndogo, kama vile nyuma ya mita ya nyumba ya kuishi.

Valvu pacha: Ni vifuniko viwili vinavyofuatana ndani ya kifaa kimoja. Kimoja kikikwama, cha pili hubaki kulinda. Kifaa kamili huwa na valvu za kufungia pande zote mbili na vijifereji vidogo vya kupimia.

Valvu yenye chumba cha kati: Hii ina vifuniko viwili, na kati yake kuna chumba chenye tundu la kumwagia maji nje. Vifuniko vikishindwa, maji humwagika ardhini badala ya kurudi kwenye bomba kuu. Hutumiwa penye hatari kubwa zaidi, mathali pa kemikali. Ni ghali, na haipimiki bila kipimo maalumu cha tofauti ya msukumo.

Kifaa cha kuingiza hewa: Hufungwa kwenye mfereji au bomba la kunyunyizia maji. Msukumo ukianguka, hufunguka na kuingiza hewa ili mfyonzo ukatike.

Mwanya wa hewa: Huu si kifaa bali ni nafasi tupu kati ya mdomo wa bomba na maji yaliyo chini yake. Maji hayawezi kuruka hewani kurudi bombani. Tutaurejelea hapo baadaye, kwa maana ndio unaowafaa wakazi wengi.

Iangalie pia alama ya mshale kwenye mwili wa valvu. Mshale huonyesha maji yanakopaswa kuelekea.

JE, KENYA INA WAPIMAJI WENYE LESENI?

Katika miji mingi ya Marekani, mwenye jengo la biashara hutakiwa kila mwaka kuileta ripoti ya mpimaji mwenye cheti. Mpimaji huyo hufanya mafunzo na mtihani wa kazi hiyo pekee, na kipimo chake nacho hukaguliwa kila mwaka. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1999 kuhusu vifaa vya maji huyagawanya maji katika makundi matano ya hatari, na valvu zenye chumba cha kati hupimwa na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12.

Kenya haijaigawa taaluma hiyo kiasi hicho. Kazi ya kupima valvu huangukia mafundi wa mabomba, mafundi sanifu wa maji na wahandisi, kila mmoja akiwa na cheti cha taaluma yake pana. Kwa sababu hiyo, mtu akikujia na kitambulisho kinachosema yeye ni "mpimaji aliyeidhinishwa na serikali" na asiweze kutaja ni taasisi gani iliyomwidhinisha, tahadhari.

Vyeti vinavyofaa kuuliziwa ni hivi:

Cheti cha ufundi: Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwatahini mafundi wa mabomba katika gredi tatu, ya tatu ikiwa ya chini na ya kwanza ya juu. Fundi aliyejifunza kazi kwa kumfuata fundi mwenzake anaweza kuufanya mtihani huo, hivyo kukosa shahada si kisingizio cha kukosa cheti.

Stashahada au cheti cha chuo: Taasisi ya Maji ya Kenya (KEWI), iliyoko Nairobi, hufunza mafundi sanifu wa maji. Vyuo vya kiufundi navyo hufunza ufundi wa mabomba.

Usajili wa kampuni: Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wanakandarasi katika madaraja manane, la kwanza likiwa la juu. Husajili pia mafundi wa ujenzi mmoja mmoja. Jina la kampuni laweza kuhakikiwa katika tovuti ya mamlaka hiyo.

Usajili wa mhandisi: Anayejiita mhandisi sharti awe katika rejista ya Bodi ya Wahandisi wa Kenya (EBK).

Cheti kimoja kati ya hivyo huonyesha kwamba mtu amesomea kazi ya maji. Hakionyeshi kwamba amewahi kuipima valvu. Hilo utalijua kwa maswali.

HATUA ZA KUMTAFUTA

Anza na anayekuuzia maji. Iwe ni kampuni, ofisi ya maji ya kaunti au kamati ya kisima, wao ndio wenye haki ya kwanza ya kudai kwamba maji yako yasirudi kwao. Waulize wanakubali ripoti ya nani na wanataka valvu ya aina gani. Hakuna faida ya kumlipa fundi ambaye ripoti yake haitapokelewa.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za maji na usafi ni jukumu la kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inazitaka kaunti zihakikishe huduma hizo zinafika hata maeneo ya mashambani yasiyo na faida ya kibiashara. Kwa hiyo mkazi wa mji mdogo hajipendekezi anapobisha hodi kwenye ofisi ya maji. Anadai huduma iliyo haki yake.

Hatua ya pili ni afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni Sura ya 242, inawapa maafisa hao uwezo wa kukagua chanzo cha maji kinachohatarisha afya. Kwa vile Modogashe iko mahali pa mipaka, hakikisha kwanza ploti yako inahesabiwa katika kaunti gani, usije ukazungushwa kati ya ofisi mbili.

Tatu, wafuate waliokwisha kupimiwa. Hospitali, shule za bweni na mashirika ya misaada aghalabu huwa na mafundi wanaowatumia. Uliza si jina tu, bali pia kama fundi aliacha ripoti iliyoandikwa.

Nne, ikiwa fundi hayupo mjini, mtafute Garissa, Wajir au Isiolo. Shirika la kustawisha miradi ya maji kaskazini mwa nchi lina makao yake mjini Garissa, na mjini humo pia kuna chuo cha taifa cha ufundi cha kaskazini mashariki. Hapo ndipo pa kuulizia.

Tano, jumuikeni. Gharama kubwa ya fundi anayetoka mbali ni safari. Wenye ploti kumi, hospitali na shule wakipanga siku moja, safari hiyo hugawanywa na kila mmoja hulipa sehemu. Kubalianeni bei kabla hajaondoka kwake, na muandike kama vipuri vimo au havimo katika bei hiyo.

MASWALI YA KUMWULIZA

Kabla ya kumruhusu afunge maji, mwulize haya:

Je, valvu yangu ni ya aina gani? Anayeshindwa kulijibu hilo baada ya kuiona hafai kuendelea.

Utaipimaje? Akisema ataigonga na kusikiliza, au ataangalia kama inavuja nje, huyo hapimi. Valvu huvuja ndani, si nje.

Kipimo chako cha msukumo kilikaguliwa lini na nani? Kipimo kilichoanguka kutoka kwenye pikipiki hutoa takwimu za uongo kwa uso mkavu. Maabara ya Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) hukagua vipimo vya aina hiyo, na zipo maabara nyingine zilizoidhinishwa na KENAS, taasisi ya kitaifa ya ithibati. Fundi awe na karatasi yenye tarehe.

Je, wewe ndiwe uuzaye valvu mpya? Si kosa fundi kuuza vipuri, lakini anayefaidika na kufeli kwa valvu asiwe shahidi pekee wa kufeli huko. Mtake akuonyeshe matokeo mbele ya macho yako.

UPIMAJI WENYEWE

Mwenye ploti anapaswa kuwepo. Upimaji wa valvu ya kawaida hauchukui muda mrefu, na mtu yeyote anaweza kuufuata.

Kwa valvu ya njia moja, panahitajika valvu ya kufungia upande maji yanakotoka, na kijifereji kidogo kati yake na valvu inayopimwa. Upande wa ndani ya ploti lazima uwe na maji yenye msukumo, kwa mfano tangi lililoinuliwa juu, na maji ya tangi hilo yawe yanafika hadi kwenye valvu.

Fundi hufunga maji yanayotoka bomba kuu, kisha hufungua kile kijifereji. Maji kidogo yaliyobaki bombani humwagika, halafu hukoma. Yakikoma, valvu inashikilia. Yakiendelea kutiririka, na fundi amehakikisha valvu ya kufungia haivujishi, basi maji hayo yanatoka tangini na valvu imefeli.

Ikiwa bomba lako halina kijifereji hicho, valvu haipimiki ikiwa mahali pake. Mwambie fundi aweke kimoja. Ni kifaa kidogo, lakini bila hicho kila upimaji utakuwa wa kukisia.

Kwa valvu pacha, kila kifuniko hupimwa peke yake. Kwa ile yenye chumba cha kati, kipimo cha tofauti ya msukumo hufungwa kwenye vijifereji, na fundi huangalia tundu la kumwagia linafunguka wakati gani. Kanuni inayofuatwa Marekani ni kwamba tundu lifunguke kabla tofauti ya msukumo haijashuka chini ya takriban kilopaskali 14. Fundi asiye na kipimo hicho hawezi kuipima valvu ya aina hii, hata awe na uzoefu wa miaka 30.

Zipo pia dalili ambazo mwenye nyumba anaweza kuziona bila fundi. Mita inayozunguka kinyumenyume pampu inapozimwa ni dalili kubwa. Tangi linalopungua usiku ilhali hakuna aliyefungua mfereji ni nyingine. Sauti ya kufyonza hewa unapofungua mfereji wakati wa mgao huonyesha kwamba bomba linavuta. Dalili hizi hazitoshi kuwa ushahidi, lakini zatosha kumwita mtu.

RIPOTI ISIYO NA MASHAKA

Kazi bila maandishi ni porojo. Ripoti inayofaa huwa na tarehe, mahali valvu ilipo, aina yake, kipenyo chake na nambari iliyochorwa mwilini mwake. Hutaja matokeo ya kila sehemu iliyopimwa, namba zilizosomwa kwenye kipimo, na tarehe kipimo hicho kilipokaguliwa.

Hutaja pia kilichorekebishwa na matokeo baada ya marekebisho. Mwishoni huwa na jina la fundi, nambari ya cheti chake na sahihi.

Ripoti iliyoandikwa "valvu iko sawa" pasi na namba wala maelezo haikulindi siku ambapo jirani atakudai. Weka nakala moja, na umpe anayekuuzia maji nakala nyingine.

Valvu yenye hatari kubwa ipimwe kila mwaka. Vilevile ipimwe inapofungwa mara ya kwanza, inapofunguliwa kwa matengenezo, na baada ya mafuriko. Penye maji ya chumvi na mchanga, si vibaya kuipima mara mbili kwa mwaka.

KUPIMA MAJI SI KUPIMA VALVU

Watu huchanganya mambo haya mawili. Mpimaji wa valvu hueleza kama maji yanaweza kurudi. Maabara hueleza kama maji yaliyomo tayari ni salama. Penye shaka kwamba maji yamekwisha kurudi, vyote viwili vyahitajika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba maji ya kunywa yasiwe na bakteria wa E. koli hata mmoja katika mililita 100. Maji yaliyotiwa klorini yanapaswa kumfikia mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Klorini hupimwa papo hapo kwa kifaa kidogo cha rangi ambacho afisa wa afya anaweza kuwa nacho, na kupotea kwake ghafla katika mtaa mmoja ni ishara kwamba kuna kitu kimeingia.

Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, KEBS na Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) hupima sampuli jijini Nairobi. Tatizo la Modogashe ni masafa. Sampuli ya bakteria hutiwa katika chupa iliyotakaswa, ikawekwa kwenye sanduku la barafu na kufikishwa maabara ndani ya saa 24. Chupa ya soda iliyopanda basi juani haitoi jibu la kuaminika.

Kwa hivyo ni busara kuuliza kama ofisi ya afya au shirika lililo karibu lina maabara ya kubebeka, inayoweza kuwakuza bakteria hapo hapo mjini na kutoa jibu baada ya siku moja hivi.

MPIMAJI ASIPOPATIKANA

Hapa ndipo mwanya wa hewa unapowafaa wengi. Mwanya hauna springi ya kuchoka wala kifuniko cha kukwama. Hauli chumvi. Kipimo chake ni rula.

Kanuni ni rahisi: mdomo wa bomba uwe juu ya ukingo wa tangi au birika kwa umbali usiopungua mara mbili ya kipenyo cha bomba hilo, na kwa vyovyote usipungue milimita 25. Bomba la milimita 25, kwa mfano, litahitaji mwanya wa milimita 50 kutoka ukingoni. Umbali hupimwa kutoka ukingo ambapo maji yatafurikia, wala si kutoka usawa wa maji ya siku hiyo.

Birika la mifugo lilishwe kwa bomba lililofungwa juu ya ukingo, si kwa mpira uliolala ndani. Pipa la dawa ya kupe lijazwe kwa ndoo. Lori la maji lijazwe kutoka juu, na mpira usizame ndani ya tangi. Pampu ya kuvuta isifungwe moja kwa moja kwenye bomba kuu. Maji yaingie kwanza katika tangi la chini kupitia mwanya, ndipo pampu ivute kutoka tangini humo.

Ubaya wa mwanya ni kwamba maji hupoteza msukumo wake, na tangi lisilo na kifuniko hualika vumbi na ndege. Tangi basi lifunikwe, na tundu la kufurikia liwekewe wavu. Mwanya waweza pia kuharibiwa na mtu mmoja tu: yule atakayeongeza kipande cha mpira kwenye mdomo wa bomba ili maji yasimrukie. Kila anayelitumia bomba hilo aelezwe sababu ya nafasi ile kuachwa.

VALVU IKIFELI

Ripoti ikionyesha kwamba valvu haishikilii, usiifiche. Mwarifu anayekuuzia maji siku hiyo hiyo, ukate mahali maji yalipokutana na uchafu, na usifungue tena mpaka valvu itengenezwe na kupimwa upya. Mara nyingi kuifungua, kuisafisha ukoko na kubadilisha mpira wake wa ndani kunatosha.

Ikiwa kuna uwezekano kwamba maji yamerudi, majirani waambiwe wachemshe maji ya kunywa au wayatie dawa mpaka afisa wa afya atakapotoa neno. Mabomba yaliyoathirika yaoshwe kwa maji mengi na kutiwa klorini chini ya usimamizi wake.

Kilichofyonzwa kikiwa ni dawa ya mifugo, mafuta au kemikali nyingine, kuchemsha hakusaidii. Hapo maji hayo yasinywewe kabisa, na watu wapewe maji kutoka kwingine.

Ni aibu kumbishia jirani hodi na kumwambia kwamba maji yako huenda yameingia mferejini kwake. Lakini jirani huyo ana watoto, na kila saa inayopita kabla hajaambiwa ni kikombe kingine walichokunywa.